Bi Fundi Anajibu: Nizikate Kanga za Marehemu Mama?

*Bi Fundi, shikamoo. Mama yetu kafariki mwezi wa Rajabu, kaacha sanduku la kanga, na ufunguo nimeachiwa mimi. Ndugu yangu kanionesha kwenye simu mifarishi ya viraka wanayoshona wanawake Weusi wa Marekani, nikapata hamu ya kushona wetu kwa kanga za mama. Wifi yangu anasema kukata nguo za marehemu ni kumvunjia heshima, na viraka ni mambo ya dhiki. Kanga nyengine ni mpya hazijaguswa maji, nyengine kuukuu zina madoa ya utomvu wa ndizi, na moja imetobolewa na cheche ya jikoni. Nifanye nini? Na hao Wamarekani, ufundi huu walijifunza kwetu?*
Msomaji, Wete, Pemba

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Wifi yako usimgombeze, maana nusu ya maneno yake ni kweli: viraka vimezaliwa na dhiki, kwetu na kwao.

Huko Alabama kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, mto umekizunguka pande tatu. Wakaazi wake ni wajukuu na vitukuu vya watumwa wa shamba la pamba, na wengi mpaka leo wanaitwa Pettway, jina la bwana aliyewamiliki wazee wao. Nyumba zilikuwa za mbao, baridi inapenya kwenye nyufa, watu wakibandika magazeti ukutani kuizuia. Basi hakikutupwa kitu. Suruali ya shamba, gunia la unga, gunia la mbolea, vyote vilichanwa vikawa mfarishi.

Mwaka 1942 mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Alizitwaa nguo za kazi za marehemu, zile zilizopauka kwa jua na jasho, akazishona mfarishi, binti yake akimsaidia, apate kujifunika kwa kumkumbuka yule mume. Muulize wifi yako: hapo heshima imevunjwa wapi?

Mifarishi ya kijiji hicho ilitundikwa jumba la makumbusho la Houston mwaka 2002, kisha ikaenda New York, na mwaka 2006 ikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani. Lakini kabla ya hayo wanawake wa pale walikwishajiunga, mwaka 1966, wakianzisha ushirika wa kushona na kuuza. Wakati huo kivuko chao kilikuwa kimekatwa tangu 1962. Wenyewe wanasema kilikatwa ili wasivuke kwenda kujiandikisha kupiga kura. Kilirudi mwaka 2006. Sisi watu wa visiwani habari ya chombo kisichokuja hatuhitaji kufasiriwa.

Kujifunza kwetu, la. Wengi wa wazee wao walichukuliwa Afrika Magharibi, Kongo na Angola. Kule magharibi kuna vitambaa vinavyofumwa vyembamba kama mikanda kisha vikaungwa, na wapo wataalamu wanaouona ukoo hapo. Ila uzi wa kutuunga sisi na wao upo, nao ni mchungu. Unaukumbuka ule mmerikani, kitambaa cha pamba walichovaa bibi zetu? Ulikuja Unguja kwenye merikebu za Salem, Massachusetts, na biashara ikanoga baada ya Sayyid Said kufunga mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini ya Marekani. Merikebu zikarudi na pembe, sandarusi na karafuu, na karafuu nazo zilichumwa na watumwa, hapa Unguja na huko huko kwenu Pemba. Mtumwa wa kule akamvisha mtumwa wa huku, wala hawakupata kuonana.

Haya, sasa mkasi. Kwanza usikate hata uzi kabla ya kuwauliza ndugu zako wote. Nguo za marehemu ni mirathi kama shamba, na ufunguo si umiliki. Wakiridhia, zile doti mpya gawaneni au toeni sadaka. Kata za madoa. Mpya hazimjui mama.

Zote zirowekwe kwenye maji ya chumvi, kisha zisuuzwe mpaka maji yatoke meupe. Mimi niliwahi kuunganisha kisutu kipya na kitambaa cheupe bila kukitia majini. Mfuo wa kwanza tu, wekundu ukachuja kotekote. Mwenye kazi alikuwa keshanilipa. Aliutazama, akaukunja, akaondoka bila neno. Laiti angenitukana.

Mtindo mmoja wa Gee's Bend wenyewe wanauita paa la nyumba: kipande cha mraba katikati, halafu mikanda inakizunguka, duru juu ya duru. Wewe ufuate huo. Ile kanga iliyotoboka, tundu lizibie kwa nyuma, kisha hicho ndicho kiwe kipande cha kati. Majina ya kanga yakate mazima yawe mikanda ya ukingoni, usimkatize mama maneno yake. Pamba ndani usitie, kwa joto letu mtalowa jasho. Weka shuka kuukuu chini, piga bandi, ndipo ushone tabaka mbili kwa mkono.

*Bi Fundi, ni kweli mifarishi hiyo ilikuwa na alama za siri za kuwaonesha watumwa njia ya kutoroka?*
Msomaji, Mkunazini

Hadithi hiyo ni tamu na imeenea sana, lakini wanahistoria wameitafutia ushahidi hawakuuona. Mimi napenda zaidi habari ya Harriet Powers, aliyezaliwa mtumwa huko Georgia mwaka 1837. Alishona mfarishi wenye visa vya Biblia, watu na wanyama wa kitambaa, kila kisa na mraba wake. Mwalimu mmoja wa sanaa aliutaka, yeye akakataa kuuza. Mwaka 1891 shida ikambana. Alitaja dola 10, akapewa 5. Leo umo kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Baada ya kuuza, alikuwa akirudi kwa yule mwalimu mara kwa mara, kuuangalia tu.