Maswali ya wasomaji: Pesa ya mavuno na wakili wa Luka 16

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mweka hazina wa usharika mmoja huku Makambako. Mwaka huu Mungu ametubariki. Siku ya mavuno tulipiga mnada mahindi, viazi, parachichi na kuku mpaka saa tisa alasiri; jogoo mmoja alinunuliwa na kurudishwa mnadani mara nne. Tulipofunga hesabu tulikuwa na shilingi milioni 14. Sasa baraza la wazee limegawanyika. Vijana wanataka spika mpya na kinanda kabla ya Krismasi. Mimi nilipendekeza tuziweke benki kwanza, tupange. Mzee mmoja akasema pesa ya Bwana hailazwi benki ikazaa riba, huko ni kukosa imani. Na kwa kuwa vyombo wanavyovitaka vinazidi kiasi hicho, mjumbe mwingine ameshauri tuazime kwenye mfuko wa diakonia, ule wa wajane na yatima, kisha tutarudisha. Nilipokataa akanisomea Luka 16, kwamba hata Yesu alimsifu wakili, yaani msimamizi wa mali, aliyechezea hesabu. Nikanyamaza. Je, ni kweli Yesu alimsifu mwizi?
Mweka hazina, Makambako

JIBU: Marahaba mwanangu. Ulifanya vema kukataa, na uendelee kukataa. Mfuko wa diakonia usiguswe, hata kwa wiki moja.

Sasa tumsome huyo wakili. Ameshitakiwa kwa bwana wake kwamba anatapanya mali, naye ameambiwa atoe hesabu ya uwakili wake kwa kuwa kazi imekwisha. Anajipima kwa ukweli ambao wengi wetu hatuna: "Kulima, siwezi; kuomba, naona haya." Hajakabidhi vitabu bado. Katika nafasi hiyo fupi anawaita wadeni mmoja mmoja. Mwenye deni la vipimo mia vya mafuta anaambiwa aandike hamsini. Mwenye makanda mia ya ngano, themanini. Hayo si mafuta ya kupikia nyumbani wala ngano ya kula familia moja. Ni madeni makubwa, ya wapangaji wa mashamba au wafanyabiashara. Angalia pia kwamba wakili haandiki yeye. "Twaa hati yako, keti upesi, andika." Mdeni ndiye anayeandika, kwa mkono wake.

Meza ya namna hiyo naijua. Kabla sijaitwa kwenye uchungaji nilikuwa karani wa hesabu katika chama cha msingi cha kahawa, Kilimanjaro. Mkulima anashusha gunia, linapanda mizani, kilo zinaandikwa kwenye stakabadhi yake na kwenye daftari la chama. Anasimama akitazama ncha ya kalamu kuliko anavyoitazama mizani yenyewe, maana kilo tano zikipotea pale, ni daftari na viatu vya mtoto vimepotea. Kwa hiyo siwezi kuusoma mfano huu kwa kumpaka mafuta yule wakili. Wapo wafasiri wanaosema alifuta riba ambayo Torati iliikataza (Walawi 25:36), au alikata ujira wake mwenyewe. Inawezekana, lakini Luka hasemi hivyo. Anasema "wakili dhalimu", na mimi ninamwacha hapo hapo alipowekwa na Bwana.

Kilichosifiwa kimetajwa katika aya ya 8: alitenda kwa busara. Alijua muda wake unakwisha, akatazama kilichobaki mkononi, akakigeuza kuwa watu watakaomfungulia mlango. Yesu anahuzunika kwamba wana wa ulimwengu huu wanaona haraka hiyo kuliko wana wa nuru. Kisha anatuambia sisi: "Jifanyieni rafiki kwa mali ya udhalimu, ili itakapokosekana wawakaribishe katika makao ya milele." Hasemi "ikikosekana". Itakosekana tu.

Rafiki hao ni akina nani? Usifunge Biblia, endelea katika sura hiyo hiyo hadi aya ya 19. Tajiri avaaye zambarau, na Lazaro mwenye vidonda amelala mlangoni pake. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki wa kumkaribisha, tena alikuwa karibu kiasi kwamba tajiri alimpita kila alipotoka nyumbani. Lazaro yuko kifuani pa Ibrahimu, na tajiri hana mtu wa kumpelekea hata tone la maji. Naamini Luka ameziweka habari hizi mbili pamoja kwa makusudi. Wale wajane ambao mjumbe wenu anataka kuazima fedha zao, kwa hesabu ya Yesu ndio wenye kupokea wageni huko tuendako. Unawezaje kwenda kuwachukulia pesa yao?

Na huyo aliyekusomea, mrudishie kitabu aendelee mpaka aya ya 12: "Na kama hamkuwa waaminifu katika mali ya mtu mwingine, ni nani atakayewapa iliyo yenu wenyewe?" Aliyetia noti kwenye bahasha ya diakonia alikwisha kuitolea uamuzi. Baraza halina mamlaka ya kuibatiza upya. Na neno "tutarudisha" nimelikuta katika vitabu vya sharika nyingi nilizozihudumia. Mara nyingi lilikuwa limeandikwa kwa penseli.

Kuhusu benki, mzee wako ana hofu njema, ila ameipeleka mahali pasipo pake. Kutoka 22:25 inakataza kumlipisha riba maskini unayemkopesha. Haikatazi usharika kutunza fedha mahali salama. Tena katika mfano wa talanta bwana anamlaumu yule mtumwa kwa kuwa hakuiweka hata kwa watoao riba (Mathayo 25:27). Kama matumizi hayajafika, wekeni amana ya muda maalumu, ya miezi michache, kwa jina la usharika na kwa saini zaidi ya mbili. Kinachonitia mimi hofu ni pesa isiyo na jina wala tarehe. Ikikaa miaka mitatu bila mtu kujua ni ya kazi gani, itapata wenyewe.

Nakuomba usome 2 Wakorintho 8 kama mweka hazina, si kama mtu anayetafuta aya ya kuombea sadaka. Paulo alikusanya mchango wa makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Alikuwa mtume, nani angemdai risiti? Hata hivyo aliwaagiza Wakorintho wachague wenyewe watu wa kuupeleka (1 Wakorintho 16:3), akatuma na ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, "mtu asije akatulaumu", akiangalia yaliyo mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele za wanadamu". Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kudai stakabadhi ni kutomwamini mtumishi wa Mungu, mjibu kwamba Paulo aliitaka mwenyewe. Someni hesabu ya mavuno kanisani, kiasi kilichoingia na kila kilichotoka, kwa sauti, wakiwapo wale walionunua yule jogoo.

Na spika? Sina ugomvi nazo. Kama wa nyuma hawasikii Neno, nunueni zinazotosha nyumba yenu na zinazolingana na fedha mliyo nayo. Lakini kwanza uliza kiwanja cha kanisa kina hati, na kama imeandikwa kwa jina la Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa. Nimeona kanisa zuri la matofali ya kuchoma likibishaniwa na wajukuu wa mzee aliyetoa ardhi kwa mdomo. Katika milioni 14, kazi hiyo ningeitanguliza, na fungu la wajane ningelipandisha wala si kulipunguza. John Wesley wa Uingereza, aliyehubiri juu ya fedha kwa aya ya 9 ya Luka 16, ile ya "Jifanyieni rafiki", alisimulia habari ya kijana mmoja wa kundi lake la Oxford, na wengi wanaamini ni yeye mwenyewe. Mwaka wa kwanza alipata pauni 30, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka wa pili alipata 60, akaishi kwa 28 zile zile, akatoa 32. Mkipata bei nzuri ya parachichi mwakani, mkumbuke hesabu hiyo barazani.

SWALI: Mchungaji, kijana wetu wa kwaya amebeti, mkeka wake, yaani orodha ya mechi alizobashiri, umetiki, amepata shilingi laki nane. Ameleta elfu themanini, fungu la kumi. Wazee wengine wanasema ipokelewe kwa kuwa Biblia yenyewe inataja mali ya udhalimu. Tufanyeje?
Mzee wa kanisa, Mbeya

JIBU: Mzee mwenzangu, msiipokee kama fungu la kumi. Fungu la kumi ni shukrani kwa jasho ambalo Mungu amelibariki, na hii imetoka katika mifuko ya vijana wengine waliopoteza mikeka yao wiki hiyo hiyo. Mkiipokea madhabahuni mkashangilia, Jumapili ijayo kwaya nzima itakuwa kwenye kibanda cha kubeti, nanyi mtakuwa mmewapeleka.

Lakini msimfukuze, wala msimtaje mimbarini. Makuhani walipokataa vile vipande 30 vya Yuda visiingie kwenye sanduku ya sadaka, walikuwa na sheria mkononi, ila yule mtu aliyekuwa akijuta mbele yao, "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia", walimwambia, "Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Akatoka akajinyonga. Pesa waliishughulikia kwa uangalifu mkubwa, wakanunua konde la mfinyanzi pawe mahali pa kuzika wageni. Mtu wakamwacha aende.

Mwiteni nyumbani, mle naye chakula. Muulizeni anabeti kiasi gani kwa wiki, na ana deni la nani. Mara nyingi kuna deni, na mara nyingi mama yake halijui. Hiyo laki nane ianzie hapo, kwenye kulipa watu, kama Zakayo alivyoahidi kuwarudishia aliowanyang'anya. Kikibaki kitu na moyo wake ukimtuma awape wahitaji, akawape mwenyewe kwa mkono wake, mmoja wenu akiongozana naye. Na kama anaweza kuvumilia kutoka kwenye kundi la simu ambako mikeka inagawiwa, kaeni naye pale pale mpaka abonyeze.