Madoa matatu ya kometi: je, gesi iliyojaa pale ni kaboni?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, Mikindani, Mtwara. Alfajiri nilipiga picha ya kometi ikichomoza baharini, mbele ya lenzi nimefunga kioo chenye mistari 100 kwa milimita, kinachotawanya nuru kuwa rangi zake. Nilitarajia mistari myembamba kama ya vitabuni, nikapata madoa matatu ya duara, la kijani ndilo kali kuliko yote. Nimekosea wapi? Na je, gesi iliyojaa pale ni kaboni?

JIBU: Hujakosea, Mwalimu. Mistari ya vitabuni hupatikana kwa kupitisha nuru kwanza kwenye upenyo mwembamba; umbo la mstari ni umbo la upenyo ule. Wewe huna upenyo, basi kila rangi imechora kichwa kizima cha kometi, nacho ni duara. Madoa hayo ni ya molekuli za kaboni zenye atomi mbili, kwenye urefu wa mawimbi ya nuru wa karibu nanomita 474, 516 (la kijani) na 564. Mwanaastronomia Mwingereza William Huggins aliyatambua kuwa ya kaboni mwaka 1868, tena kwa jicho tu, akitumia spektroskopu (chombo cha kutawanya nuru) kwenye darubini.

Swali la pili ndilo linaloangusha wengi. Ukali wa doa si wingi wa gesi. Wavuvi wa dagaa hapo kwenu wanajua: chombo chenye taa kali si lazima ndicho chenye samaki wengi. Kometi ikiwa karibu na Jua, gesi yake kuu kwa kawaida ni mvuke wa maji, ambao hung'aa zaidi katika infraredi, nuru isiyoonekana kwa macho, kamera yako isikofika. Jua likiyavunja maji, haidroksili inayobaki hung'aa kwenye nanomita 309, na ozoni ya angahewa letu humeza sehemu kubwa ya nuru hiyo. Ile kaboni kwa kawaida haifiki hata molekuli moja kwa kila mia za maji; ila hunyonya nuru ya Jua na kuirudisha upesi mno. Sianojeni, molekuli ya kaboni na nitrojeni, nayo ni kali, nanomita 388, lakini lenzi na hewa nzito ya upeo wa bahari vimeizima.

Usiziamini namba zangu bure. Piga picha ya nyota Sirius kwa mpangilio uleule, tafuta mistari myeusi ya haidrojeni, 434 na 486, hesabu pikseli kuanzia nyota yenyewe, ndipo upime madoa. Zungusha kioo ili utepe wa rangi wa taa za wavuvi usikatize kometi. Doa la njano likitokea kwenye 589, huenda ni sodiamu ya kometi. Lakini likibaki palepale huku kometi inapanda, hiyo ni taa ya barabarani.