Neno la "bado" ni la nani? Barua kwa mwanangu daktari

Mwanangu,

Salamu kutoka Tororo. Sisi hatujambo. Goti linamsumbua baba yako lakini baiskeli haachi, na mvua mwaka huu imewahi. Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia asubuhi, maana usiku ule ulinitia hasira kidogo na sikutaka kukujibu nikiwa hivyo.

Umeniuliza: katika chumba cha upasuaji, nani mwenye neno la mwisho, daktari au afisa wa usingizi, yule asiye daktari aliyesomea kulaza wagonjwa kwa dawa? Unauliza kwa sababu ya yule mama aliyeletwa kituoni kwako akitokwa damu, kondo la nyuma limeachia kabla ya wakati. Ulitaka apigwe sindano ya mgongo upesi ili umtoe mtoto. Afisa wako akasema "bado", mbele ya wakunga, akaongeza dripu, kisha akamlaza kwa ketamini, dawa ya usingizi. Mama mzima, mtoto mzima: hayo umeyaandika kwa mstari mmoja. Mistari mingine yote ni manung'uniko. Kwamba umesoma miaka mitano na mwaka mzima wa mafunzo kazini juu yake, halafu mtu wa diploma anakukatalia hadharani; kwamba barua ya kumshtaki kwa afisa wa afya wa wilaya umeshaiandaa, unangoja tu kuituma.

Unajua unamwuliza nani. Nilikuwa nesi wa wodi kabla hujazaliwa, nikaenda hospitali ya Mulago kusomea usingizi, na kazi hiyo ndiyo iliyokulipia karo. Kwa hiyo upande ninao, nisikufiche. Lakini na wewe una haki yako katika jambo hili, nitafika huko.

Kwanza mgonjwa. Umeniandikia presha yake, 80 kwa 50, mapigo 130. Mtu huyo alikuwa akiishi kwa kukaza mishipa. Damu imempungua, mwili umebana mishipa ya miguu na tumbo ili kile kidogo kilichobaki kiufikie moyo na ubongo. Sindano ya mgongo inatia ganzi vizuri, lakini papo hapo inailegeza mishipa yote ya chini. Mama mwenye damu ya kutosha presha itamshuka, utampa dripu na dawa ya kuipandisha, kazi itaendelea. Huyu wako ingemshuka na isingepata pa kuishia. Ketamini haina tabia hiyo. Kwa mgonjwa aliyepoteza damu, mara nyingi huishikilia presha. Haya yote unayajua, uliyafanyia mtihani. Ila dakika ile masikio yako yalikuwa kwenye moyo wa mtoto, na ndiko yalikotakiwa kuwa. Ndiyo sababu ya kuwa wawili mle ndani.

Basi jibu langu ni hili. Wewe ndiye mkuu wa kituo, na kwamba mama apasuliwe au asipasuliwe ni uamuzi wako. Alazwe dakika gani na kwa dawa ipi, hilo ni la anayekaa kichwani pa mgonjwa. Mgonjwa akikata pumzi mezani, baraza la wataalamu washirika wa afya, linalowasajili maafisa kama yeye, litamwita yeye na leseni yake, halitaiuliza shahada yako. Huwezi kumwachia mtu lawama ukajibakizia wewe amri.

Umenitumia pia maneno ya Wamarekani uliyoyasoma kwenye simu, wauguzi wa usingizi na madaktari wa usingizi wakirushiana cheche. Ugomvi wao naufahamu tangu ningali kazini, na ni wa zamani kuliko unavyodhani. Mwanzoni mwa karne iliyopita wapasuaji wengi wa kule walitaka wauguzi wakae na etha, dawa ya usingizi ya enzi hizo, kwa sababu vijana madaktari waliopewa kazi hiyo walikuwa wakichungulia upasuaji badala ya kumwangalia mgonjwa. Nilipolisikia hilo darasani nilicheka peke yangu. Muuguzi Alice Magaw wa hospitali ya Mayo Clinic aliandika mwaka 1906 kwamba amewalaza wagonjwa zaidi ya 14,000 bila kifo hata kimoja kilichosababishwa na dawa ya usingizi. Baadaye fani ikapata heshima na malipo, madaktari nao wakaitaka, wakaenda mahakamani. Mwaka 1936 mahakama ya juu kabisa ya California iliamua kwamba muuguzi anayetoa usingizi chini ya maelekezo ya mpasuaji havunji sheria ya udaktari. Hawakutulia. Mwaka 2021 chama cha wauguzi hao kilibadilisha jina lake kikajipa neno lililo karibu mno na lile la madaktari, na madaktari wakaja juu.

Wao wana watu wa kugombana, mwanangu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 uliikuta Uganda na madaktari bingwa wa usingizi 13 kwa watu milioni 27. Kazi iliyobaki, nchi nzima, ilikuwa mikononi mwa maafisa kama mimi. Tena walipotuuliza tuna vifaa gani, ni asilimia 23 tu waliokuwa na vya kumlaza mtu mzima kwa usalama, na kwa mama wa kupasuliwa ni asilimia 6. Mabingwa wameongezeka tangu hapo, Mulago na Mbarara wanafundishwa, nafurahi. Lakini huko Karamoja uliko, usiku, hakuna bingwa utakayempigia akaja. Mpo wewe na yeye. Ugomvi wa kuagiza kutoka ng'ambo hautawafaa.

Sasa haki yako. Wapo wenzangu wenye maringo ya ukongwe. Utamsikia mtu akisema amelaza watu tangu hujavaa kaptula, kwa hiyo hana la kuambiwa. Ukongwe una faida yake, haugeuki kuwa elimu. Mtoto mwenye tundu la moyo, mzee ambaye moyo unajaa maji, hao mimi sikuwa nawafahamu kama bingwa anavyowafahamu, na afisa anayesema yeye na bingwa ni sawa kwa kila mgonjwa anamhatarisha mtu. Wapo pia wanaojificha nyuma ya neno "bado". Saa tisa za usiku kila presha kwao ni mbaya, kila mgonjwa apelekwe hospitali ya rufaa. Na wapo wanaompiga mama sindano ya mgongo kisha wakatoka nje kupokea simu. Ukimkuta huyo, barua yako ipeleke, na jina langu uliweke kama shahidi.

Huyu wako hakufanya hivyo. Alikataa njia moja akakupa nyingine, na kazi ikafanyika. Anayekwepa kazi hakupi njia ya pili.

Jambo jingine hukulitaja, nami nalitaja kwa sababu linaingia mle ndani pamoja nanyi. Mwaka 2022 mishahara ya madaktari wa serikali ilipopandishwa, wauguzi na wataalamu washirika waligoma, na haukuwa mgomo wa wivu tu. Mnaamshwa usiku mmoja, mnasimama kwenye damu ileile, mwisho wa mwezi yeye anapata kidogo kuliko wewe. Ukimwambia "fanya nilivyosema", hesabu ile nayo anaisikia. Mshahara hukuupanga wewe. Sauti unaipanga.

Nilifanya kazi muda mrefu na mpasuaji mmoja, sasa ni marehemu, mtu mkali, mikasi iliruka ukimpa isiyokata. Lakini kisu kikiwa mkononi alikuwa akigeuka kwangu na kuuliza, "Sista, nianze?" Nikinyamaza alinyamaza. Usiku mmoja tukiwa katikati ya utumbo uliojisokota, umeme ukakatika, mashine ya kuchuja oksijeni ikazima. Wakati huo hatukuwa na kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Nilikuwa na kidole changu kwenye mshipa chini ya taya ya mgonjwa, na stetoskopu niliyoibandika kifuani kwa plasta, na tochi ameishika mwanafunzi. Yule mzee akasema tu, "Damu yangu huku inakuwa nyeusi." Akafunika jeraha kwa kitambaa cha maji ya chumvi, akaondoa mikono, akasubiri. Nikashika mfuko, nikampulizia mgonjwa kwa mkono. Jenereta inakohoa nje, haiwaki. Baada ya muda akafunua kitambaa akatazama. "Sasa nyekundu. Niendelee?" Nikamwambia endelea.

Hakuna aliyeuliza nani mkubwa usiku ule. Yeye alikuwa na macho mahali ambapo mimi sikufika, nami nilikuwa na kidole mahali ambapo yeye hakufika. Na usidhani alikuwa akinibembeleza. Nje ya chumba kile aliweza kunipita kwenye korido bila salamu.

(Kuna kisa ambacho walimu wetu walipenda kukisimulia, cha Mwingereza Felkin aliyeshuhudia mama akipasuliwa na kutolewa mtoto huko Bunyoro mwaka 1879, amelevywa kwa pombe ya ndizi. Kila msimulizi humsifu mwenye kisu, na wa kusifiwa kweli. Mimi nilikuwa nikimfikiria aliyeshika kibuyu.)

Sasa ufanye nini. Barua ile kabla ya kuituma ijaze namba: presha aliyoingia nayo, mapigo, dripu alizopewa, muda uliopita kati ya "bado" na kisu, hali ya mtoto alipotoka. Kisha isome kama wewe ndiye afisa wa wilaya. Nadhani utaona inamshtaki nani.

Halafu mfuate yule mtu. Usimwite ofisini kwako, hapo atasimama kama mshtakiwa. Mfuate akiwa anafunga mashine au anahesabu dawa zake, mwulize aliona nini usiku ule ambacho wewe hukukiona. Mwulize na unyamaze. Kama ana busara, naye atakuambia kwamba "bado" ile angeweza kukusemea sikioni, pasipo wakunga kusikia. Hapo lalamiko lako lina uzito kabisa; mkuu wa kituo akiaibishwa mbele ya watu wake, kesho hawamsikii. Mwambie wazi kwamba liliuma.

Na mkubaliane mambo kabla mgonjwa mwingine hajafika. Presha ikiwa chini ya kiasi gani sindano ya mgongo haitajwi. Nani anapiga simu ya damu, nani ya gari la wagonjwa. Ile karatasi ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, ya ukaguzi kabla ya usingizi na kabla ya kisu, najua mnayo ukutani imepigwa na jua. Isomeni kwa sauti. Mara ya kwanza mtaona aibu kama watoto wa shule, wakunga watacheka. Endeleeni tu. Inampa yeye mahali pa kusema "bado" bila kukugombeza, nawe mahali pa kusema "tumechelewa" bila kumwamrisha.

Angalieni na akiba ya ketamini. Dawa za bohari ya taifa huja kila baada ya miezi miwili, na ikiisha katikati hapo mtabaki na sindano ya mgongo peke yake, mkiitaka msiitake. Agizo la safari hii liandikeni pamoja, yeye ndiye anayejua chupa ngapi huenda kwa mwezi.

Baba yako anauliza mbuzi huko ni bei gani, usisahau kumjibu maana ataniuliza tena. Jumapili nipigie mchana, tukishatoka kanisani, uniambie amekujibu nini.

Mama yako