Maswali na majibu: jina lako likiingia kwenye mashini

Barua za juma hili zinagusa jambo moja: kompyuta za serikali kwenye komini (ofisi za serikali za mitaa ya mji), kwa polisi na mahakamani. Nimezijibu jinsi zilivyofuatana.

Mama muuza samaki, komini ya Katuba, Lubumbashi: "Niko na karatasi tatu na kila moja inaniita kivyake: Tshibangu, Chibangu, Cibangu. Wakitutia wote kwenye mashini, mimi nitakuwa nani?"

Mama, swali hili nimelibeba moyoni miaka mingi. Zamani nilifanya kazi ya kuhamisha majina kutoka kwenye buku kwenda kwenye kompyuta. Buku lilikuwa na jalada jeusi, kurasa zimevimba kwa mvua iliyopenya paa, na karani wa kwanza alikuwa ameandika kama alivyosikia: Kyungu leo, Kiungu kesho; Mwamba hapa, Muamba pale. Sisi tulichapa tulichokiona.

Ubaya zaidi ulikuwa kwenye skrini. Programu ilitengenezwa mbali, ikawa na nafasi mbili tu za jina. Mkongomani ana jina, postinomu (jina la pili la asili) na prenomu (jina kama Marie), na hiyo postinomu tunaibeba tangu 1972, Rais Mobutu alipotukataza majina ya Kizungu. Kila mchapaji akaamua lake: huyu aliibandika postinomu kwenye jina, yule aliiacha. Jioni moja mashini ikaniuliza kama Ilunga Marie na Ilunga Marie ni mtu mmoja, nibonyeze ndiyo ili iwaunganishe. Nikarudi kwenye buku. Postinomu zao zilikuwa tofauti kabisa, na mmoja wao alikuwa amekwisha kufa. Ningebonyeza, yule mwingine angeamka kesho yake akiwa marehemu mbele ya serikali. Mpaka leo nawafikiria wale ambao hakuna aliyewarudia kwenye buku.

Nchi yetu ilihesabu watu mara ya mwisho mwaka 1984, na kwa miaka mingi kadi ya kura ndiyo imefanya kazi ya kitambulisho. Kwa hiyo hakuna orodha moja ambayo sisi sote tunaiamini. Mashini nzuri itakupa namba moja isiyobadilika, kisha itaweka majina yako yote matatu chini ya namba hiyo, bila kufuta hata moja. Wewe kwa sasa weka karatasi zote tatu pamoja na usitupe yoyote. Kosa la cheti cha kuzaliwa hurekebishwa kwa hukumu ya mahakama. Karani akikuambia atalimaliza kwa kalamu yake, usikubali. Tena sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inakupa haki ya kuona habari zako zilizohifadhiwa na kudai zisahihishwe.

Kijana wa informatiki, Chuo Kikuu cha Lubumbashi: "Kwa nini serikali isinunue programu moja kubwa, ikamaliza yote mara moja?"

Kwa sababu waliokuwa na pesa kuliko sisi walijaribu, wakashindwa. Mwaka 2005 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, iliitupa Virtual Case File, programu ya faili za upelelezi, baada ya kumeza karibu dola milioni 170. Iliyofuata, Sentinel, nayo ilikwama, mpaka FBI walipoichukua mikononi mwao wenyewe na kuijenga kipande kwa kipande; ilikamilika 2012. Estonia ilipita njia nyingine tangu 2001: kila ofisi inabaki na daftari lake, na zinaulizana kupitia barabara moja salama iitwayo X-Road. Raia anaweza kuona ni ofisi gani imefungua habari zake. Hilo la mwisho ndilo ningependa wewe na wenzako mlipiganie. Anzeni na kidogo: cheti kilichotolewa komini ya Kampemba kionekane komini ya Ruashi bila mtu kupanda taksi akakilete.

Papa dereva wa taksibasi: "Polisi wa rulaje, wale wa barabarani, wakipewa mashini ya kuandika faini, si watuache sasa?"

Papa, inategemea pesa inapita wapi. Mashini ikiwa mkononi mwa polisi na noti pia zikiwa mkononi mwake, umebadilishiwa karatasi tu. Faini inapaswa kutoka na namba yake, kosa likitajwa na kiasi kikiandikwa, nawe ulipe kwa simu, Airtel Money, Orange Money au M-Pesa, iingie moja kwa moja kwenye hazina. Polisi asiguse hata feranga. Ujumbe wa malipo ukifika kwenye simu yako, atakayekusimamisha mbele aone kwa namba ya gari kwamba umelipa. Na pawe na mahali pa kupinga, maana kuna siku utakuwa hukukosa.

Mwanafunzi wa sheria: "Kamera zinazotambua nyuso zikifungwa mjini, ushahidi wake utakuwa na nguvu gani?"

Usiupokee peke yake, hata siku moja. Januari 2020 polisi wa Detroit walimkamata mwanaume mweusi nyumbani kwake, mbele ya mke na watoto, kwa wizi wa saa. Mashini ilikuwa imefananisha picha hafifu ya dukani na picha ya leseni yake ya zamani. Hakuwa yeye. Mwaka uliotangulia, taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilikuwa imechapisha kwamba programu nyingi za namna hii hukosea zaidi kwenye nyuso za Waafrika na Waasia. Nyuso zetu, ndugu yangu.

Na jifunze kisa cha Posta ya Uingereza. Kati ya 1999 na 2015, wasimamizi zaidi ya 900 wa posta ndogo walitiwa hatiani kwa sababu programu ya Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu, ilionyesha upungufu wa pesa ambao haukuwapo. Mahakama zilichukulia kwamba kompyuta inasema kweli mpaka mshtakiwa athibitishe vinginevyo. Muuza stempu angethibitisha vipi, wakati rekodi za ndani ya programu zilishikwa na wanaomshtaki? Nyingi ya hukumu hizo zilifutwa kwa sheria ya Bunge mwaka 2024, wengine wakiwa wamekwisha kufa. Ukiwa wakili, omba kwanza rekodi: nani aliingia, saa ngapi, alibadilisha nini. Wakikosa kuzitoa, mwambie hakimu asiupokee ushahidi huo.

Karani wa komini: "Umeme unakatika kila siku. Tufanyeje?"

Programu yenu lazima iandike hata bila intaneti, kisha itume laini ikirudi. Isiyoweza hivyo msiipokee. Sola na betri ziingie kwenye bei tangu mwanzo, siyo ombi la baadaye. Na lile buku la zamani lisichomwe. Lipigeni picha ukurasa kwa ukurasa, mlifungie kwenye kabati kavu, mbali na paa linalovuja. Siku mashini itakapowauliza kama Ilunga Marie wawili ni mmoja, mtalihitaji.