Ukifunga ruta ya video, anza na waya wa rejea

Fundi akikabidhiwa ruta ya video, yaani kifaa cha kuchagua chanzo kipi cha picha kiende wapi, hukimbilia waya za kamera, maana picha ikitokea kwenye skrini kila mtu anafurahi. Mimi huanza na waya usioonyesha picha yoyote: ule wa ishara ya rejea kutoka kwenye jenereta ya sinki, kifaa kinachotoa mapigo ya kuvifanya vifaa vyote viende kwa wakati mmoja.

Ruta haitakiwi kukata picha, yaani kuhama chanzo, mahali popote tu. Husubiri mwanya kati ya fremu na fremu, na mwanya huo huujua kwa kufuata rejea. Kwenye HD mahali pa kukatia ni mstari wa 7 wa fremu. Kwenye mfumo wa zamani wa mistari 625 ni wa 6. Bila rejea picha bado hupita, ndiyo maana kasoro hujificha hadi siku ya matangazo mubashara, picha inaporuka kila ukibadilisha chanzo. Ila rejea ya ruta haiponyi chanzo kilicho nje ya sinki. Kamera nazo zifuate jenereta ileile, na ishara ya kutoka nje ipitie kwanza kwenye framu-sinki, kifaa kinachoipanga upya iendane na rejea.

Ruta nyingi zina matundu mawili ya rejea yaliyoungana kwa ndani, moja la kuingizia, la pili la kupeleka mbele kwenye kifaa kingine. Mnyororo huo ufungwe kwa kizibo cha omu 75, kipande kinachoizuia ishara isirudi nyuma, kwenye kifaa cha mwisho, na hapo tu. Angalia kwanza kama kifaa hicho hakina kizibo cha ndani. Oskiloskopu, kipimo kinachochora umbo la ishara, itakuambia ukweli: kwa rejea ya mistari 625, kina cha sinki, yaani pigo linaloshuka chini kwenye mchoro, kiwe milivolti 300. Ukiona karibu 600, hakuna kizibo. Ukiona kama 200, viko viwili. Kipimo hiki kimeniokolea muda kuliko kitabu chochote cha maelekezo.

Kupitisha ishara moja kwenye vifaa kadhaa kunakubalika kwa rejea, lakini kwa SDI, ishara ya kidijitali inayobeba picha yenyewe, sahau kiungo cha T cha kugawa waya mmoja kuwa miwili. Tundu moja la kutoa liende kwenye tundu moja la kupokea. Ukitaka zaidi, tumia kifaa cha kugawia ishara.

Waya na viunganishi vya BNC, vile vya kuzungusha na kujifunga kwenye ncha za waya, viwe vya omu 75. Vya omu 50 hufanana navyo na huingia vizuri tu, kisha vikakusumbua kwenye kasi kubwa. Kwa kebo nzuri, HD ya gigabiti 1.485 kwa sekunde hufika mita 100 hivi. Ukipanda hadi 2.97, mimi sipendi kuvuka 70. Usidanganywe na picha safi: SDI haififii polepole, mita chache zaidi tu nayo inatoweka kabisa.

Andika namba kwenye ncha zote mbili kabla ya kuchomeka, na usikaze mafungu kwa vibano vya plastiki hadi waya ibonyee. Velkro inatosha.