Kabla Hujagusa Limita: Kwa Anayeanza Kazi ya Studio Kisumu

Ukianza kazi ya studio hapa Kisumu, iwe Kondele, Manyatta au katikati ya mji, swali la kwanza la msanii akishasikia wimbo wake umekamilika halitahusu gitaa wala maneno. Atauliza: "Produ, mbona wangu uko chini kuliko ule mwingine?" Ameshika simu, amecheza wimbo unaovuma, kisha akacheza wake. Ule umemgonga kifuani, wake umekuja polepole. Hapo ndipo vijana wengi hufungua limita, kile chombo cha kompyuta kinachozuia sauti isipite kimo fulani, wakasukuma mpaka mita ikaiva nyekundu. Msanii hutabasamu, hulipa na kwenda zake. Nataka ujue kinachopotea katika dakika hizo mbili, na namna ya kumjibu msanii huyo bila kumkosa na bila kuuharibu wimbo.

Sauti ya dijitali ina dari. Dari hilo ni desibeli sifuri (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na chochote kinachotaka kulipita hukatwa. Mapigo makali ya ngoma, yale ya sehemu ndogo tu ya sekunde, ndiyo hulifikia dari kwanza, wakati sehemu kubwa ya wimbo bado iko chini sana. Kwa hiyo ukitaka wimbo mzima usikike mkubwa zaidi, hakuna njia ila kuyashusha mapigo na kuinua kila kilicho chini yake. Limita hufanya kazi hiyo. Ikiguswa kidogo husaidia sana, nami huitumia karibu kila siku. Ikisukumwa kupita kiasi, ile nafasi kati ya sauti ndogo na sauti kubwa hubanwa mpaka ikaisha.

Chukua nyatiti, maana hapo utalisikia jambo hili kuliko popote. Mpigaji ameketi kwenye kigoda chake kifupi, nyuzi nane ziko vidoleni. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete nzito ya chuma, oduong'o, na anaigonga kwenye mti wa ala ili kushika mwendo. Mguuni kuna njuga, zile gara, zinazotikisika pamoja na kila pigo. Rekodi ikishaingia kwenye kompyuta, kuza mchoro wa mawimbi uutazame kwa karibu. Pigo la oduong'o limesimama peke yake, refu na jembamba. Nyuzi ziko chini yake, na gara ziko chini zaidi. Sasa sukuma limita desibeli nane. Pigo la chuma linakatwa kichwa kila linapojitokeza. Nyuzi zinapanda, gara nazo zinapanda mpaka zinazifunika nyuzi. Pumzi ya mpigaji kati ya beti, ambayo hukuwa ukiisikia, sasa iko sikioni mwako, na kigoda kinalia kila anapojisogeza. Mita inasema wimbo umekuwa mkubwa. Lakini ule mguu umetoweka, na mguu ndio uliokuwa ukimwinua mtu kitini.

Hali ni hiyohiyo kwa isukuti. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ukipata bahati ya kuirekodi, utakuwa na wajibu mkubwa kuliko wa kumfurahisha mteja wa leo. Ngoma kubwa na ndogo zinajibizana, na jibu linaeleweka kwa sababu moja imepigwa kwa nguvu kuliko nyingine. Ukizilazimisha zote zikae kimo kimoja, majibizano hayo hayasikiki tena. Zinabaki kelele za ngozi tu.

Kwaya ndizo zinazoniuma zaidi. Eneo letu limejaa kwaya za Kisabato zinazojua kuimba kwa sauti nne bila ala, na mtunzi amekaa wiki nyingi akipanga ubeti wa tatu uimbwe kwa sauti ya chini kabisa ili kiitikio cha mwisho kilipuke. Tuseme ubeti uko desibeli kumi chini ya kiitikio. Fundi akiibana kazi hiyo, tofauti inabaki mbili au tatu. Kibaya zaidi, kiitikio ndicho kinachoigonga limita kwa nguvu, kwa hiyo kiitikio ndicho kinachokwaruza. Waimbaji arobaini wanafungua vifua vyao na sauti inasinyaa. Mwalimu wa kwaya hatajua jina la kosa hilo, ila atakuambia, "Hapa mwisho hatusikiki kama tulivyokuwa kanisani." Msikilize. Yuko sahihi.

Na benga pia. Waimbaji wakinyamaza, gitaa la solo na besi vinabaki vikifukuzana, na mchezo unatakiwa upande. Wimbo uliobanwa tangu mwanzo hauna pa kupandia.

Mashindano haya ya ukubwa wa sauti ni ya zamani. Hata enzi za santuri za mizunguko 45, zile ambazo wimbo mmoja wa benga uligawanywa pande mbili, kampuni zilitaka santuri yao isikike kuliko ya jirani. Ila santuri yenyewe iliwazuia: sauti kubwa, hasa besi, hutaka mfereji mpana, mfereji mpana hula dakika, na ukizidisha sindano huruka. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 haikuwa na sindano. Miaka ya 1990 zikaja limita za dijitali zinazoliona pigo kabla halijafika, na tangu hapo kila mwaka albamu zikazidi kubanwa. Mwaka 2008 Metallica walitoa albamu yao Death Magnetic, na mashabiki wakagundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa na ngoma zinazopumua kuliko zile za kwenye CD. Maelfu walitia saini wakitaka irekebishwe. Nakutajia hilo ujue kwamba wasikilizaji wa kawaida, wasiojua kompresa ni nini, waliusikia uharibifu huo kwa masikio yao wenyewe.

Sasa turudi kwa msanii wako mwenye simu. Kabla ya kubishana naye, mwonyeshe. Weka wimbo wake na ule anaoutamani kwenye kikao kimoja. Pima vyote viwili kwa mita ya LUFS, kipimo kinachokadiria ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyouhisi, kwa kanuni iliyotolewa na ITU mwaka 2006. Tuseme ule wa watu uko -7 na wake uko -11; iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye sauti kubwa zaidi. Ushushe ule wa -7 kwa desibeli nne, kisha cheza vyote bila kumwambia upi ni upi. Mara nyingi utauona uso wake ukibadilika, kwa sababu sasa anasikia ngoma na si ukubwa. Sikio hudanganywa kirahisi hapa. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba kwa sauti ndogo sikio hupoteza besi, na kwa kiasi fulani sauti kali za juu. Ukiongeza sauti, zinarudi. Ndiyo maana nakala yenye sauti kubwa zaidi huonekana "imejaa" hata kama imeharibika.

Fanya jaribio hilo kwako mwenyewe pia, kila mara, kabla ya kumwita mteja. Plagini, yaani programu ndogo ya kubadilisha sauti, ukiiwasha na sauti ikapanda, ishushe pato lake mpaka iwe sawa na ilivyokuwa, ndipo uamue kama imesaidia. Nikipewa nafasi ya kumfundisha kijana jambo moja tu la kazi hii, nitamfundisha hilo na kuacha mengine yote.

Kisha mweleze msanii kinachotokea wimbo ukishapanda mtandaoni. Spotify kwa kawaida huzisawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS. YouTube hushusha zinazozidi takribani kiwango hicho, na zilizo chini huziacha zilivyo. Apple Music, kama Sound Check, kile kitufe chao cha kusawazisha, imewashwa, hulenga -16. Piga hesabu naye kwa ile -14. Wimbo wa -7 wenye kilele, yaani pigo lake la juu kabisa, cha -1 utashushwa desibeli saba, na kilele chake kitatua -8. Wa -11 wenye kilele hichohicho utashushwa tatu tu, kilele kikatua -4. Vyote viwili sasa vina ukubwa uleule kwa msikilizaji, ila ngoma za wimbo wa pili zinaruka desibeli nne juu ya zile za kwanza. Aliyebana sana amelipa kwa ngoma zake na hakupata kitu.

Atakuuliza kuhusu matatu, na swali hilo ni la haki. Kwenye fuleshi ya dereva hakuna mtandao wa kusawazisha, na wimbo uliobanwa utasikika mkubwa kwa sekunde za kwanza. Usimdanganye kwamba haitatokea. Lakini dereva ana kitufe na mkono wake hauko mbali nacho. DJ wa klabu naye huweka kiwango cha kila wimbo kwa sikio kabla hajauingiza. Na amplifaya ya gari ikishasukumwa mwisho, wimbo uliokwisha kukatwa hukatwa tena, ukatoa ule mkwaruzo unaowachosha abiria kabla hawajafika Ahero. Redio ni vilevile: vituo vya FM vina mashine zao za kubana kila kinachopita hewani. Ukiwapelekea kilichobanwa tayari, kinatoka bapa na chenye mchanga.

Mimi sina namba moja kwa kila wimbo, na yeyote atakayekupa moja mwogope. Ohangla ya kinanda kwa ajili ya dansi naweza kuiacha -9 na ikabaki hai, maana mapigo ya mashine tayari yana kimo kimoja. Nyatiti au kwaya sipendi zipite -13. Kilele nakiacha -1, kikipimwa kwa mita ya kilele halisi, kwa sababu faili ikigeuzwa kuwa MP3 au AAC mawimbi hupanda kidogo na kilichokuwa ukingoni humwagika. Nikitaka ukubwa zaidi ya hapo sianzi na limita; narudi kwenye miksi, pale ala na sauti zinapopangwa pamoja. Mara nyingi tatizo ni besi na kiki (ngoma kubwa ya mguu) kugombania mahali pamoja, au matope ya kati ya hezi 200 na 400 yanayokula nafasi bila kuongeza chochote. Yaondoe hayo, na wimbo utapanda wenyewe kabla ya limita kuguswa.

Kuna jambo lingine litakalokusumbua mapema, nalo ni biti za kupakua, yaani midundo iliyotengenezwa tayari. Msanii anakuja na MP3 aliyoitoa mtandaoni, imesukumwa mpaka darini, na anataka uongeze uimbaji wake juu yake. Hakuna nafasi. Vijana huanza kuisukuma sauti ya mwimbaji ishindane na biti, kisha wanabana vyote pamoja. Ishushe biti kwanza, desibeli saba au nane bila huruma, halafu ndipo uweke sauti. Kama aliyetengeneza biti anapatikana, omba kila ala kwenye faili yake. Kilichokatwa ndani ya MP3 hiyo hakuna fundi wa kukirudisha, hata awe na vyombo vya thamani gani.

Kuhusu chumba chako: weka kipande cha utepe kwenye kitufe cha sauti ya spika na uandike alama. Kazi ya masta, ile hatua ya mwisho ya kukamilisha wimbo, ifanye alama ikiwa hapohapo, usiiguse. Studio nyingi hapa ziko kando ya barabara, juu kuna mabati, nje kuna bodaboda na spika ya duka, na mkono unataka kupandisha sauti kila nusu saa. Ukipandisha, masikio yanachoka, na masikio yaliyochoka yanaomba kubanwa zaidi. Kitufe kikiwa hakisogei, wimbo ukizidi utausikia unakusukuma nyuma, na utaacha mwenyewe bila kutazama mita. Mvua kubwa ikianza kupiga mabati, acha kazi ya masta kabisa ufanye nyingine: panga faili, safisha pumzi kwenye sauti, nenda ule. Maamuzi ya sauti ndogo hayafanywi chini ya kelele hiyo.

Kama baada ya yote hayo msanii bado anataka wake uwe mkubwa, mfanyie. Wimbo ni wake na pesa ni zake. Ila mpe nakala mbili, moja ya kubanwa na moja yenye nafasi, na umwombe asikilize zote mbili kwa siku kadhaa, kwa simu, kwa hedifoni, kwa redio ya jikoni nyumbani kwao. Mimi humwambia hivi: "Omera, sikiliza mpaka mwisho wa wimbo, usisikilize mwanzo tu." Uchovu wa wimbo uliobanwa huja katika dakika ya tatu, na wengi hulinganisha sekunde kumi za kwanza.

Wewe kwa upande wako hifadhi miksi isiyo na limita kabisa, faili ya WAV ya biti 24 (hapa biti ni kipimo cha ubora wa rekodi, si mdundo), kwenye diski mbili tofauti, na kwenye jina la kila masta andika kiwango chake cha LUFS na tarehe. Wasanii hurudi. Yule aliyetaka -6 anarudi akitaka wimbo utumike kwenye filamu fupi au kwenye mkusanyiko wa nyimbo zake, na mhariri anamwambia faili hiyo inakwaruza. Ukiwa na ile miksi, ni kazi ya asubuhi moja.