Wasomaji Wanauliza: Kuhusu Myne, Msichana Asiye na Kitabu

SWALI: Mpendwa Mhariri, rafiki yangu aliniazima juzuu ya kwanza ya manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, iitwayo Ascendance of a Bookworm, akaniapia kwamba mpenda vitabu yeyote akiishika haiweki chini. Nimeimaliza bila kuona kisa. Hakuna pambano wala adui, ila mtoto mgonjwa anayelia kwa kukosa kitabu, kisha anakaa kusuka nyuzi za majani. Je, kuna kitu kilichonipita, au niirudishe tu?
Msomaji wa riwaya

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba usiirudishe bado, kwa sababu hicho ulichokiona kuwa upungufu ndicho kiini cha kazi yenyewe.

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajaifungua, nieleze kwa ufupi. Urano ni mwanamke kijana wa Japani, anayependa vitabu kuliko kitu kingine chochote, na aliye karibu kuanza kazi ya ukutubi. Anafariki baada ya kuangukiwa na vitabu vyake katika tetemeko la ardhi, na anapozinduka yumo katika mwili wa Myne, mtoto wa miaka mitano, binti wa askari maskini katika mji wa Ehrenfest. Katika ulimwengu huo vitabu hunakiliwa kwa mkono juu ya ngozi za wanyama, na bei yake ni ya watu wa tabaka la juu peke yao. Nyumbani kwa akina Myne hakuna hata kipande cha maandishi. Basi mtoto huyo, ambaye hushikwa na homa kila akijichosha, anaazimia kwamba kama vitabu havipatikani, atavitengeneza mwenyewe.

Umesema hakuna adui. Mimi naona adui yupo, naye ni ule ukosefu wenyewe wa mahali pa kuandika. Tazama majaribio yake kwa mfuatano. Anaanza na nyuzi za majani, akikumbuka mafunjo ya Misri ya kale, na anaona kwamba nguvu zake zitamwishia kabla hajapata kipande cha kutosha kuandikia. Anageukia mabamba ya udongo, kama waandishi wa Mesopotamia, lakini ya kwanza yanakanyagwa na watoto wenzake, na mengine yanapasuka alipojaribu kuyachoma. Kisha anachonga vibao vyembamba vya mbao, mfano wa vile vilivyotumika zamani China na Japani, na mama yake, ambaye hajui kusoma, anavitia jikoni kama kuni. Baada ya hayo yote ndipo anapofikia karatasi. Kwa maneno mengine, mtoto huyu anapitia kwa mikono yake, katika muda mfupi, safari ambayo wanadamu waliichukua kwa maelfu ya miaka, na kila anaposhindwa nasi tunaelewa sharti moja zaidi la kuwepo kwa kitabu: uso wa kuandikia, wino, moto, kuni, muda, na zaidi ya yote mtu mwingine aliye tayari kukusaidia.

Mtu huyo ni Lutz, mtoto wa jirani, na sehemu ya utengenezaji wa karatasi ndiyo ninayoirudia mara nyingi. Njia wanayoifuata ni ile ya karatasi ya jadi ya Japani, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Matawi hupikwa kwa mvuke ili gome libanduke; gome huchemshwa pamoja na majivu, husuuzwa, hupondwa mpaka nyuzi zilainike, kisha huchanganywa na maji na utelezi wa mmea ili nyuzi zitawanyike sawasawa; mwishoni rojo hilo huchotwa kwa fremu yenye wavu mwembamba, likakamuliwa na kukaushwa. Myne anazijua hatua hizo kwa sababu aliwahi kuzisoma, lakini hana nguvu ya kuponda wala ya kuinua sufuria. Lutz ana nguvu, lakini hajawahi kuona karatasi ya namna hiyo. Sijui hadithi nyingine ya picha iliyoonyesha kwa uaminifu kiasi hiki umbali uliopo kati ya kujua jambo na kuliweza.

Kwa hiyo, ukiirudia juzuu ya kwanza, acha kungoja tukio, tazama ukubwa wa vitu. Mchoraji, Suzuka, anakionyesha kila kitu kwa kadiri ya mwili wa Myne: meza iko juu, chombo cha maji ni mzigo, na kushuka ngazi za nyumbani kwao ni kazi inayomwacha akihema. Mtu anayezoea picha hizo haoni tena kwamba kisa kinakwenda polepole. Anaona mwendo wa mtu ambaye hawezi kwenda haraka zaidi ya hapo.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi nimesoma sehemu yote ya kwanza na nimeipenda, ila dhamiri inanisumbua juu ya Myne mwenyewe. Anawaza vitabu tu, hata pale familia yake inapohangaika. Je, tunafundishwa kuupenda ubinafsi?
Mwalimu wa sekondari

JIBU: Mwalimu, umeligusa jambo ambalo mashabiki wengi hulipita. Mwanzoni Myne ni mbinafsi kweli. Anaichukia nyumba iliyompokea, anaudharau uchafu wake, na hajiulizi mtoto aliyekuwa na mwili huo kabla yake amekwenda wapi. Lakini hadithi yenyewe inalijua hilo na haimwachilii. Anayekuja kumuuliza ni Lutz, rafiki wa Myne wa zamani, ambaye baada ya kuona maarifa yasiyolingana na umri anatambua kwamba huyu siye yule aliyemjua, na kwamba yule alikufa kwa homa. Kwangu mimi hapo ndipo mahali pazito kuliko pote katika sehemu ya kwanza, kwa sababu mtoto anaombolezwa mbele ya mtu aliyeuchukua mwili wake, na uamuzi wa kumkubali huyu wa sasa unabaki mikononi mwa Lutz.

Tangu hapo tunaona mapenzi ya vitabu yakipimwa kwa mapenzi ya watu. Siku ya ubatizo wake Myne anakiona chumba cha vitabu cha hekalu, na ukuta usioonekana unamzuia asiingie. Anauliza afanye nini ili aruhusiwe, na jibu analolipata linamsogeza mbali na nyumbani. Sioni kwamba manga hii inatuambia kuwa kusoma humfanya mtu awe mwema. Inaonyesha njaa kubwa, kisha inahesabu nani anailipia: mama Effa, dada Tuuli, baba Gunther. Ukitaka kuijadili darasani, ningeanza na Tuuli, ambaye hajui kusoma na bado ndiye anayemwosha, anayemvalisha na anayembeba mdogo wake.

SWALI: Mhariri, nisome manga hii au riwaya yake?
Mpenzi wa hadithi ndefu

JIBU: Riwaya ndiyo asili. Kazuki Miya alianza kuichapisha mtandaoni mwaka 2013, akaikamilisha mwaka 2017, na toleo la vitabu lililoanza mwaka 2015 lilifikia juzuu 33 mwaka 2023. Humo utapata mawazo ya Myne kwa mapana, pamoja na mambo ya siasa na biashara ambayo picha haziwezi kuyabeba yote. Hata hivyo, kwa sehemu ya kwanza, yenye juzuu 7 za manga, mimi nachagua picha bila kusita. Maelezo ya fremu ya kuchotea karatasi yanaweza kujaza ukurasa mzima wa riwaya na bado msomaji asiione; Suzuka huichora mara moja ikaeleweka. Kuanzia sehemu ya tatu, ambayo mchoraji wake ni Ryo Namino, mambo ya watawala yanaongezeka, na hapo riwaya inasaidia zaidi.

SWALI: Binti yangu ana miaka kumi na moja na anasoma kila anachokutana nacho. Je, inamfaa?
Mzazi

JIBU: Sehemu ya kwanza inamfaa, mama, mradi ajue kwamba kuna ugonjwa na kifo cha mtoto. Sehemu ya pili ningeisoma kwanza mwenyewe, kwani inaonyesha yatima wa hekalu walioachwa na njaa, na kurasa hizo ni nzito. Kama hajawahi kusoma manga, mwonyeshe kwamba kurasa zake hufunguliwa na kusomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Na akitaka kujaribu kutengeneza karatasi baada ya kuisoma, mruhusu, ila kazi ya kuchemsha uifanye wewe.